Usa River: Hewa ya Mlimani na Moshi wa Jikoni

Ndugu msomaji, iwapo hujapata kuisafiri barabara ya Arusha kwenda Moshi saa za alfajiri, ipo haja ya kuisafiri walau mara moja. Panda gari la abiria mjini kabla jua halijachomoza, na uombe kiti cha upande wa kushoto, maana huko ndiko uliko mlima. Gari litapita Sanawari, litapita Ngulelo, na hadi Tengeru utakwenda juu ya barabara pana ya njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, iliyojengwa kutoka Sakina, magharibi ya mji, kwa kilometa 14 na ushei. Baada ya Tengeru barabara hurudi kuwa nyembamba kama zamani, malori hufuatana kama siafu, na dereva wako hupunguza mwendo apende asipende. Usimlaumu. Ndipo penyewe pa kutazama.

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, husimama hapo umejitanda wingu kiunoni. Chini yake ni migomba, kahawa, na miti mirefu ya kivuli ambayo wazee waliiacha kwa makusudi. Udongo ni mweusi, wa majivu ya volkano. Mlima huu ulitoa majivu yake ya mwisho mwaka 1910, na tangu hapo umekaa kimya. Kila baada ya mwendo mfupi gari huvuka kijito. Vijito hivyo, mto Usa ukiwa mmoja wao, huteremka kwenda Kikuletwa, na Kikuletwa huyapeleka maji hayo katika mto Pangani hadi bahari ya Hindi. Kwa hiyo anayeoga pwani ya Pangani huenda anaoga maji yaliyopita mlangoni pa bibi mmoja wa Kimeru, ambaye habari zake nitakueleza punde.

Tengeru yenyewe ina historia ndefu, ambayo ingetosha makala nyingine. Hapo ndipo walipowekwa wakimbizi wa Kipolandi kuanzia mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, na makaburi yao yapo mpaka leo. Kisha ni Makumira, penye chuo cha Walutheri, na hatimaye Usa River: maduka, gereji, mama wauza ndizi, vijana wa pikipiki wakikuita kwa majina yote ya heshima, na nyuma yao mabanda meupe ya nailoni yanamooteshwa maua ya kusafirishwa Ulaya. Mbele kidogo ni njia ya kwenda Momella na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watalii hukata kona hapo bila kusimama. Sisi tutasimama.

Jambo la kwanza atakalokuambia mwenyeji ye yote wa hapa ni habari ya hewa. Hewa ya Usa River, hujidai, ni dawa. Mtu aliyechoka na joto la Dar es Salaam akishuka hapa asubuhi huvuta pumzi moja ndefu na kuona kama kwamba amekunywa maji ya baridi. Mimi nami niliyasadiki hayo kwa miaka mingi, wala siyakanushi leo. Nje ya nyumba, mchana, upepo wa mlimani ukivuma, maneno hayo ni kweli tupu. Lakini mama mjamzito havuti pumzi zake zote nje ya nyumba wakati wa mchana. Sehemu kubwa ya pumzi zake huvutwa jikoni, asubuhi na jioni, na ni hewa ya huko niliyoijia safari hii.

Nilipokelewa katika boma moja juu ya barabara, mwendo wa nusu saa kwa miguu kati ya migomba. Nyumba kubwa ilikuwa ya matofali na bati, yenye madirisha ya vioo. Nyuma yake lilikuwapo jiko la mbao, la zamani kuliko nyumba, lisilo na dirisha, na moshi ukitokea kila penye upenyo: juu ya kuta, kati ya mbao, mlangoni. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usiogope. Moshi hauui mtu."

Ndani palikuwa na giza kiasi kwamba ilinichukua muda kumwona mtu wa pili. Alikuwa mkaza mwana wake, mwenye mimba ya miezi saba, amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza kuni mbichi za matawi ya kahawa yaliyopunguzwa shambani. Alijifuta macho kwa pembe ya khanga, akanikaribisha kwa sauti ya chini, akaendelea kupuliza. Juu ya vichwa vyetu, darini, yalitundikwa mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi. Bibi aliniona nikiyatazama. Akanieleza kwamba mahindi yasiyopata moshi huliwa na wadudu, na kwamba hata mbao za jiko hilo zisingekuwa zimesimama lau kama si moshi. Nami nakiri kwamba alisema kweli. Moshi una kazi zake nyumbani, na ndiyo sababu hakuna anayeutazama kama adui. Mbu hutazamwa kama adui. Maji machafu yanajulikana. Moshi ni mwenzetu wa siku zote.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kote kusikiliza redio, kusoma vijitabu, kisha kushika majembe na kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na nchi chache zimepata kuifanya kwa namna ile. Tulifundishwa malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Moshi wa jikoni haukuwamo katika orodha hiyo, na siwalaumu waliopanga somo lile, kwani mambo ninayotaka kukueleza sasa hayakuwa yamejulikana. Mengi yamegunduliwa katika miaka ishirini hii ya karibuni tu.

Basi na tuufuate moshi wa yule mama mjamzito, hatua kwa hatua.

Kuni zinapoungua bila kukamilika, hasa zikiwa mbichi, hutoa vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni chembechembe za masizi, ndogo mno. Zile zinazopimwa na wataalamu ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu kiasi cha mara thelathini. Pua haiwezi kuzichuja. Huteremka hadi mwisho wa mapafu, katika vile vifuko vidogo ambamo hewa hukutana na damu. Cha pili ni hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, ileile itokayo katika jiko la mkaa. Hewa hii huing'ang'ania damu kwa nguvu zinazopita zile za oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na hivyo kuinyang'anya oksijeni nafasi yake. Mama atasikia kichwa kizito, atatoka nje, atapunga upepo, na atapona. Mtoto aliye tumboni hana pa kutokea. Damu yake huishika sumu hiyo kwa muda mrefu zaidi kuliko damu ya mama yake.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kondo la nyuma ni kama boma imara: chakula na oksijeni hupita, uchafu hubaki nje. Mwaka 2019 watafiti wa Hasselt, nchini Ubelgiji, walitangaza kwamba wamezikuta chembe za masizi upande wa pili wa kondo, yaani upande wa mtoto. Na akina mama walioishi mahali penye hewa chafu zaidi walikuwa nazo nyingi zaidi. Miaka mitatu baadaye, wakishirikiana na wenzao wa Scotland, walieleza kwamba wamezikuta katika damu ya kitovu, na hata katika maini, mapafu na ubongo wa mimba changa. Wale ni akina mama wa Ulaya, wanaopikia gesi na umeme; masizi yao ni ya magari. Fikiri mwenyewe juu ya jiko lisilo na dirisha.

Hata hivyo huhitaji kwenda Ulaya. Jijini Dar es Salaam wajawazito walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2017: walivaa vipimo vya moshi na vya hewa ya mkaa, na walipojifungua, makondo yao yakachunguzwa. Wale waliokuwa wamevuta hewa ya mkaa kwa wingi walionekana zaidi kuwa na damu iliyoganda katika mishipa ya upande wa mtoto. Mshipa ulioziba ni njia ya chakula iliyofungwa. Mtoto apataye chakula kidogo na oksijeni kidogo huenda akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mwepesi, chini ya kilo mbili na nusu ambazo muuguzi huzitafuta kwenye mizani.

Hapa ndipo inapoingia habari ya kinga ya mwili, na ningependa, msomaji wangu, uisome polepole.

Mtoto hazaliwi na jeshi lililokamilika. Askari wa mwili wake, yaani zile chembe nyeupe za damu, huundwa na kupangwa vikosi akiwa bado tumboni. Silaha za kuanzia huazimwa kwa mama: kinga aliyoipata mama kwa magonjwa aliyougua na chanjo alizochanjwa hupitia kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto, na sehemu kubwa hupita katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo sababu mjamzito huchanjwa chanjo ya pepopunda. Sindano ni ya mama, lakini anayelindwa zaidi ni yule asiyeonekana. Mtoto akizaliwa mapema, mapema ile ina maana kwamba ameondoka ghalani kabla mzigo haujamalizika kupakiwa. Na kondo likiwa na jeraha, njia yenyewe ina mashimo.

Je, moshi huvuruga hata upangaji wa vile vikosi? Dalili zipo. Katika nchi ya Czech upo mji uitwao Teplice, uliokuwa maarufu kwa moshi wa makaa ya mawe. Miaka ya 1990 watafiti walichukua damu ya vitovu vya watoto zaidi ya elfu moja, wa mji huo na wa wilaya ya Prachatice yenye hewa safi zaidi, na kuhesabu chembe za kinga moja moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: pale ambapo hewa ilikuwa chafu katika siku 14 kabla ya kuzaliwa, uwiano wa vikosi ulikuwa umebadilika, aina moja ya askari imepungua na nyingine imeongezeka. Siku 14 tu! Huko Malawi nako, watu wazima wanaopikia kuni walipochunguzwa mapafu, wale askari ambao kazi yao ni kumeza vijidudu walikutwa wameshiba masizi. Mlinzi aliyebeba gunia kichwani atamkamata mwizi kwa mkono upi?

Nchini Ghana, katika wilaya za Kintampo, walipimwa pumzi watoto wa siku 30. Wale ambao mama zao walivuta hewa ya sumu kwa wingi wakati wa ujauzito walikuwa na mapafu dhaifu zaidi, na wasichana ndio walioumia zaidi. Baadaye ilionekana kwamba hatari yao ya kupata kichomi katika mwaka wa kwanza ilikuwa kubwa pia. Taarifa ya kimataifa juu ya hali ya hewa iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watoto wachanga wapatao 500,000 duniani walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja kwa sababu zinazohusiana na hewa chafu, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokana na moshi wa majumbani. Moshi wa majumbani, ndugu msomaji, wala si wa viwanda.

Yule mkaza mwana alikuwa na mtoto mwingine, wa miaka mitatu, aliyekuwa akichezea magunzi mlangoni. Nilimuuliza mama yake kama afya yake ilikuwa njema alipokuwa mchanga. Akasema alilazwa mara mbili kwa kichomi kabla hajatimiza mwaka. Siwezi kukuambia kwamba moshi ndio uliomlaza, kwani kichomi kina sababu nyingi, na mtu mmoja si utafiti. Lakini nilimwuliza swali jingine: baada ya kujifungua, yeye na mtoto walilala wapi?

Bibi ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. Walilala jikoni. Siku zote za uzazi moto haukuzimika, usiku na mchana, kwa kuwa mzazi hapaswi kushikwa na baridi, na yeye mwenyewe alikuwa akiamka usiku kuongeza kuni na kumpashia mtori. Hakuruhusu mkwe wake ashike hata ndoo ya maji.

Msomaji, usicheke wala usikunje uso. Desturi hii ya kumweka mzazi ndani, kumlisha mtori na kumwondolea kazi ni miongoni mwa desturi bora za watu wa Meru na wa Kilimanjaro. Wanawake wengi wa mjini, wanaorudi kufua siku ya tatu, wangeilipia fedha. Na Juni na Julai chini ya Meru baridi si ya mzaha. Wingu hukaa siku nzima, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Bibi anapowasha moto hafanyi ujinga, anafanya upendo. Kasoro ni kwamba moto na mtoto wamo katika chumba kimoja kisicho na pa kutolea moshi. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1992 ulikwisha kutuonyesha kwamba watoto wanaolala katika chumba kinachopikiwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kichomi. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa, na Bagamoyo si Ulaya.

Nawe uliye mjini usijitenge. Katika vyumba vya kupanga vya Ngarenaro na Unga Limited mambo ni yale yale, isipokuwa mahali pa kuni pana jiko la mkaa. Jioni ya Julai mtu hupika uji wa mtoto nje barazani, makaa yakishachangamka huliingiza jiko chumbani "lipashe chumba", akafunga mlango na dirisha, akalala. Kwa kuwa makaa hayatoi moshi, hudhani hayatoi sumu. Kumbe moshi walau humwamsha mtu kwa kumkohoza. Hewa ya mkaa humlaza zaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za nyumba ambamo hakuna aliyeamka. Wanaoamka na kichwa kizito huenda kazini, na hawahesabiwi.

Nilimuuliza bibi kwa nini mzazi asilale katika nyumba kubwa, yenye madirisha. Akanitazama kwa mshangao. Nyumba kubwa ni ya baridi, akasema, sakafu ni saruji, na tena wageni huingia kutwa. Hizo ni sababu za kweli, na daktari anayezipuuza atazungumza peke yake. Tukazungumza basi juu ya blanketi, kofia ya sufu, na ile njia inayofundishwa siku hizi hospitalini kwa watoto njiti, ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kwa mama yake, ambapo mwili wa mama huwa ndio jiko. Bibi aliipenda hiyo. Alisema mama yake naye alifanya hivyo, ila hakuipa jina.

Habari ya nishati safi unazisikia redioni. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Katika boma lile nao mtungi wa gesi wa kilo sita ulikuwapo, umefunikwa kitambaa, sebuleni. Hutumika kuchemshia chai ya wageni. Nilipouliza, kijana wa nyumba hiyo, anayefanya kibarua katika shamba la maua, alinieleza hesabu ambayo mfanyakazi ye yote ataifahamu: kuni za kahawa ni za bure, mkaa hununuliwa kwa sado kadiri fedha ilivyo mfukoni siku hiyo, lakini gesi hudai malipo yote kwa mkupuo. Mshahara wa kila wiki na mtungi wa mwezi havipatani. Anayetaka watu watumie gesi aanze na hesabu hiyo, kabla ya hotuba.

Wala nisikufiche jambo. Wapo waliojaribu kupima faida ya gesi. Wajawazito zaidi ya 3,000 wa Guatemala, India, Peru na jirani zetu wa Rwanda waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa majiko na gesi bure. Moshi waliouvuta ulipungua hadi kufikia theluthi moja ya ule wa wenzao. Lakini matokeo yalipotangazwa mwaka 2022, uzito wa watoto wa makundi yote mawili ulikuwa karibu sawa. Wengine waliyatumia matokeo hayo kusema kwamba basi moshi hauna neno. Mimi sioni hivyo. Akina mama wale walipewa majiko mimba ikiwa tayari na wiki kadhaa, wengine wakikaribia wiki ya ishirini. Yamkini madhara fulani yalikwisha kutendeka. Na mizani hupima nyama na mifupa, haihesabu askari wa damu wala haisikilizi mapafu. Ninachojifunza kwa utafiti ule ni kwamba tusimwambie mama kwamba mtungi mmoja utamzalia mtoto mnene. Tumwambie kweli: kadiri moshi unavyopungua mapema, ndivyo bora.

Kuna njia nyingine ambayo Meru imeisahau ilhali imo mlangoni. Watu wa hapa hufuga ng'ombe wa maziwa zizini, kwa kukata majani, kwa kuwa malisho hakuna. Samadi i hapo, haitafutwi. Mjini Arusha ipo CAMARTEC, taasisi ya umma ya zana za kilimo na teknolojia vijijini, iliyoundwa mwaka 1981, na tangu miaka ile ya themanini imekuwa ikijenga mitambo ya gesi ya samadi. Kazi yake si ya ajabu: samadi na maji kiasi kilekile huchanganywa na kuingizwa katika shimo lililojengewa na kufunikwa lisipitishe hewa, hapo huoza, hutoa gesi, na gesi hufuata bomba hadi jikoni. Kinachobaki ni mbolea ya migomba. Ng'ombe wawili watatu watosha kuipikia familia. Gharama ya ujenzi ndiyo kikwazo, na hapa vyama vya ushirika vya maziwa na vya kahawa vingeweza kuwakopesha wanachama wao, kama vilivyokwisha kuwakopesha pembejeo. Kwa asiye na ng'ombe wala fedha, lipo dirisha. Mbao mbili zikitolewa ukutani, dohani ya bati, kuni zilizoanikwa zikakauka wiki kadhaa, jiko kuhamishiwa chini ya paa la wazi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mkakati.

Na kwa akina mama waajiriwa, wawe wa mashamba ya maua au wa viwanda vya mjini, ifahamike kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha arudipo kazini. Dawa inaponyunyizwa bandani, mjamzito asiwemo. Huo si upendeleo wa kuombwa kwa magoti.

Kliniki ya wazazi, siku niliyopita, ilikuwa imejaa tangu saa moja asubuhi. Muuguzi alimpokea mtoto wa siku chache, akamtia chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio mdomoni, akaandika katika kadi tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Kazi ya chanjo ni kuwafundisha askari sura ya adui, na hapa nchini tunaifanya vizuri. Lakini somo huwafaa zaidi wanafunzi walioshiba. Muuguzi aliniambia kwamba huwauliza akina mama juu ya chandarua, chakula, vidonge vya damu, na vipimo vya virusi. Juu ya jiko, kadi haina mstari. Siku hizi ameanza kuuliza kwa mdomo tu, kwa hiari yake.

Jioni nilirudi bomani kuaga. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni mwa bibi, na mume wa yule mjamzito alikuwa akipimapima ukuta wa jiko kwa kamba, akisema hiki kingekuwa kimo cha dirisha. Bibi alimwacha apime. Kisha akaniambia kwamba amefikiri, na kwamba safari hii mzazi atalala nyumba kubwa, blanketi zipo mbili na ya tatu itanunuliwa.

"Lakini mtori nitaupika mimi," akasema, "na nitaupika kwa kuni. Mtori wa gesi siujui."

Nilipofika barabarani jua lilikuwa limezama na upepo wa mlima umetulia. Juu ya migomba moshi wa majiko yote ya Usa River ulikuwa umejitandaza kama shuka moja ya bluu, haupandi wala haushuki. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara kutoka upande wa mashamba ya maua, tumbo mbele, na sado ya mkaa mkononi. Utingo alimwita apande. Akatikisa kichwa, nyumbani kwake ni karibu.